Mistari Miwili Kando ya Nam Lolwe

Basi likishayamaliza mashamba ya chai ya Kericho na kuanza kuteremka kuelekea Awasi, abiria huvua masweta mmoja baada ya mwingine. Baridi inabaki mlimani, madirisha yanafunguliwa, na uwanda wa Kano unajitandaza chini hadi Ziwa Victoria, ambalo Waluo huliita Nam Lolwe. Ukiona mashamba ya mpunga ya Ahero, jua Kisumu imekaribia. Nilikuwa naenda huko kwa mwaliko wa kikundi cha wapenda dansi: walimu, wauguzi, wenye maduka na wastaafu kadhaa ambao hukutana jioni za wikendi kucheza rumba na salsa kwa kujifurahisha tu. Walisikia kwamba Nairobi nafundisha kontra, wakataka niwapelekee.

Kontra huchezwa kwa mistari miwili inayotazamana, kila mtu na mwenzi wake. Kila jozi huungana na jozi ya jirani, wakawa wanne, wakacheza pamoja mpango wenye mapigo 64. Mapigo hayo yakiisha, jozi moja imeshuka nafasi moja na nyingine imepanda, na mpango unaanza upya na majirani wengine. Mzunguko mmoja huchukua kama nusu dakika. Muziki ukienda dakika kumi, utakuwa umeshikana mikono na karibu kila mtu aliye katika mistari yenu, kijana kwa mzee, bosi kwa karani. Kando ya wanamuziki husimama mtu mmoja anayeita: hutaja hatua inayofuata kabla miguu haijaihitaji. Kazi hiyo ndiyo yangu.

Niliipata nikiwa masomoni Marekani, katika mji mdogo wa Greenfield, jimbo la Massachusetts, ambako ukumbi wa Guiding Star Grange hujaa wachezaji wa kontra. Dansi yenyewe asili yake ni Uingereza. John Playford alichapisha London mwaka 1651 kitabu cha kufundishia dansi za namna hii, nazo baadaye zikavuka bahari pamoja na walowezi. Lakini desturi ya kuita hatua kwa sauti ina wazazi wengine. Phil Jamison, katika kitabu chake cha 2015 kuhusu dansi za milima ya Appalachia, anajenga hoja kwamba ilianza mwanzoni mwa karne ya 19 kwa wanamuziki Weusi wa Marekani, wengi wao watumwa, waliopiga fidla kwenye dansi za Wazungu. Kabla yao, mwenye pesa alimlipa mwalimu amfundishe hatua nyumbani, na asiye na pesa alikaa ukutani akitazama. Sauti ya mpiga fidla ilipoanza kutaja hatua, hata aliyeingia ukumbini kwa mara ya kwanza aliweza kucheza. Niliposoma hayo niliona kwamba ninaposimama kuita, nimeshika kazi ya watu wangu.

Ndiyo maana nilifika Kisumu mapema kuliko siku ya somo. Nilitaka kwanza kujua katika ngoma za huku sauti huwa mikononi mwa nani.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu wa muziki ambaye mji mzima, hata wanawe, humwita Madam. Alikuwa amewafundisha wanafunzi wengi nyimbo na michezo ya mashindano ya muziki ya shule, na bado anatembea kwa mwendo wa mtu anayehesabu mapigo. Jioni ya kwanza tulikaa ufukweni Dunga tukila samaki aina ya ngege wa kukaanga na ugali, wavuvi wakipanga nyavu, magugumaji yakielea mbele yetu. Nilimweleza mpango wa somo langu. Akasikiliza hadi mwisho, akanawa mikono, akasema, "Vizuri, mwanangu. Lakini kabla hujatufundisha, uone sisi tunavyocheza."

Kesho yake tulishika barabara ya Bondo hadi Seme, kwenye miamba ya Kit Mikayi, kilomita zipatazo 30 magharibi ya mji. Miamba hiyo imepandana mmoja juu ya mwingine, mikubwa kuliko nyumba, na watu wengine huingia kwenye mapango yake kusali na kufunga. Hapo chini akina mama wa kijiji huwachezea wageni dodo, ngoma ya wanawake wa Kiluo. Mmoja anaanzisha, wenzake wanaitikia, mabega yanatikisika huku miguu ikisogea kidogo kidogo. Nilimtazama yule mwanzilishi. Hakutaja hatua hata moja. Akitaka mstari ugeuke, aliinua kiitikio juu kidogo na kulitanguliza bega, na mstari mzima ukageuka. Madam aliniambia, "Huyo akiugua, ngoma haifi. Muulize yeyote hapo, ataanzisha." Alikuwa anasema kweli: wimbo uliofuata ulianzishwa na mama mwingine, aliyekuwa mwisho kabisa wa mstari.

Usiku alinipeleka Kondele, mtaa usiolala, kwenye baa ambako mzee mmoja alikuwa akipiga onanda. Ndiyo kodiani, iliyoingia Nyanza enzi za ukoloni na kukaa ikawa ya nyumbani. Pembeni yake kijana alipiga orutu, fidla ya uzi mmoja, na mwingine alikuwa na ngoma. Watu walicheza wawili wawili, viti vimesogezwa ukutani. Ghafla bwana mmoja mwenye shati jeupe akaenda mbele, akaweka noti kwenye kodiani, akainua mkono. Muziki ukazima. Wachezaji wote wakasimama pale pale walipofikia.

Hiyo ndiyo pakruok, kujisifu hadharani, na kwa Waluo ni nusu ya raha ya muziki. Bwana yule alijitaja kwao, akamtaja mkewe na ukoo wa mkewe, akamsifu rafiki aliyemsimamia alipofiwa. Kisha akajifananisha na mtumbwi uliovuka ghuba ya Winam usiku bila taa ukafika Homa Bay na samaki wote. Ukumbi ukaitikia kwa vigelegele. Mpiga onanda akakubali kwa kichwa, akabana hewa, wimbo ukaanza tena kana kwamba haukuwahi kukatika. Baada ya nyimbo chache mama mmoja naye akasimamisha muziki, akajisifu kwa wajukuu wake. Mzee wa onanda alikuwa bwana wa muziki ule, lakini yeyote aliyekuwa na neno na noti aliweza kuuzima.

Nilikaa nikiwaza. Katika kontra ninayoijua, anayeita ndiye mwenye sauti, na wachezaji hutii. Wakipotea, hupotea muziki ukiwa unakimbia. Kondele, sauti ilikuwa ya mchezaji, na muziki ndio uliokuwa ukitii.

Ulikuwa msimu wa Navratri, zile siku tisa za Wahindu zinazoangukia Septemba au Oktoba, na mmoja wa wanakikundi, mfamasia wa familia ya Kigujarati, alitualika mimi na Madam kwenye sherehe yao. Tulipita barabara ya Oginga Odinga, mbele ya mnara wa saa unaomkumbuka Kassim Lakha, mmoja wa wafanyabiashara wa mwanzo waliotoka India. Mji huu ulikua na reli. Njia iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika hapa ziwani Desemba 1901, kituo kikaitwa Port Florence. Wajenzi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi, na wenye maduka kutoka Gujarat na Kutch wakafuata. Wajukuu na vitukuu vyao wako Kisumu hadi leo, na mwaka 2017 serikali iliitambua jamii ya Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii.

Sherehe ilianza na garba: miduara ikizunguka taa na picha ya mungu wa kike, makofi yakilia kwa zamu. Garba ya Gujarat iliingizwa na UNESCO mwaka 2023 katika orodha ya urithi wa binadamu, na ukiiona unajua kwa nini. Lakini baada ya garba ndipo nilipokaa wima kitini. Watu walichukua fimbo mbili mbili, wakajipanga mistari miwili wakitazamana. Fimbo ya huyu ikagonga ya mwenzake, kulia, kushoto, kulia. Kisha kila mmoja akajigeuza kidogo, akasogea nafasi moja, na mbele yake akawa mtu mwingine. Raas ya dandiya ina mistari miwili na mwenzi mpya kila mzunguko, hesabu ikienda nane nane. Nilikuwa nimebeba kontra kutoka Nairobi nikidhani naleta kitu kigeni, kumbe ndugu yake alikuwa Kisumu kwa vizazi, akichezwa mita chache kutoka barabara kuu.

Hakuna aliyeita. Nilipoingizwa mstarini, fundi wangu alikuwa msichana wa miaka kama kumi aliyesimama kando yangu. Alinishika kifundo cha mkono, akasema, "Anko, kulia kwanza," akaigongesha fimbo yangu pale inapotakiwa. Aliyefuata naye akanisubiri nusu pigo. Mwingine akaninyooshea kidole mahali pa kusogea. Nilifundishwa na mstari mzima, kila mtu kipande chake. Kadiri ngoma ilivyozidi kasi ndivyo walivyozidi kunitazama machoni, wasiniache. Nikaelewa kwamba mpango unaokuzungusha kwa watu wote unakupa pia walimu wengi, mradi yule anayeongoza awaachie nafasi ya kufundisha.

Siku ya somo tulikutana katika ukumbi wa saruji karibu na Milimani, feni zikihangaika na joto. Madam alikuwa amemleta mzee wa onanda na kijana wa orutu, na mimi kwanza nilikaa nao. Kontra haiwezi kuchezwa kwa muziki wowote: wimbo lazima ugeuke kila baada ya mapigo 64, maana miguu inategemea mgeuko huo kujua mzunguko umeisha. Nikamwambia yule mzee, "Jaduong', naomba wimbo wenye mapigo 64, kisha urudi mwanzo." Akasema, "Nipigie makofi nione." Nikapiga, nikitembea mpango wote peke yangu. Akafumba macho, vidole vikitafuta. Kisha akasema, "Hizo ni zamu nne za wimbo wangu. Nikifika ya nne nitabonyeza sauti za chini. Watu wako watasikia mlango unafunguka." Akaupiga. Zamu ya nne ikawa nzito, yenye kuvuta, na hata kabla sijaeleza neno watu walikuwa wameanza kugeuka kiunoni kuelekea upande wa pili.

Jambo la pili lilikuwa majina. Katika kila jozi mmoja husimama kushoto na mwingine kulia, na anayeita huhitaji jina fupi kwa kila upande, jina lisilomlazimisha mtu kuwa mume au mke, kwa sababu wanawake walikuwa wengi na hakuna aliyetaka kuketi. Tulijadiliana. Mvuvi mstaafu akapendekeza Kasia na Tanga, vitu viwili vinavyousukuma mtumbwi, na yakapita bila kupingwa. Wa kushoto wakawa Kasia, wa kulia Tanga.

Mpango niliouchagua ni wa wanaoanza. Kwanza unazunguka jirani yako mgongo kwa mgongo, mapigo manane. Unamshika, mnazungushana papo hapo, manane. Wote wanne mnashikana mikono, mnakwenda duara kushoto robo tatu, manane. Unakutana na mwenzi wako, mnazungushana, manane. Mistari inakwenda mbele na kurudi nyuma, manane. Wanne mnaingiza mikono ya kulia katikati, mnazunguka kama nyota, manane. Duara tena robo tatu, manane. Mnayumba ndani na nje, manne. Mnapita kati ya wenzenu hadi kwa majirani wapya, manne. Jumla 64.

Ugumu wa kuita uko kwenye wakati. Neno likisemwa pigo lianzapo, limechelewa, maana mwili unahitaji muda wa kusikia na kuamua. Linapaswa kuingia katika mapigo manne ya mwisho ya hatua iliyotangulia na kumalizika kabla tu ya pigo la kwanza. Kitenzi kirefu kama "zungukaneni" hula nafasi yote hiyo. Kwa hiyo nilikata: "Mgongo!" "Zungusha!" "Duara, robo tatu!" "Mistari!" "Nyota!" "Yumba!" "Pita!" Kwanza tuliutembea mpango bila muziki, polepole, kisha tukautembea tena kwa majirani wapya. Hapo ndipo watu wengi huelewa. Mara ya kwanza wanajifunza hatua. Mara ya pili wanagundua kwamba hatua zimewapeleka mahali.

Muziki ulipoanza niliita kila hatua. Mizunguko michache baadaye nikaanza kupunguza: nikaacha "Zungusha", kwa kuwa mikono ilikwishajua, nikaacha "Mistari", kwa kuwa mstari ulikuwa ukijiendea. Nikabaki na "Duara" na "Pita", mahali ambapo watu hupotea. Tatizo lilikuwa mwishoni mwa mistari. Jozi inayofika mwisho hukosa jirani, hivyo husubiri mzunguko mmoja, hubadilishana upande na kurudi. Wengi walidhani wamemaliza, wakatoka. Yule mfamasia aliliona kabla yangu. Alikuwa amecheza raas tangu utotoni, na kugeuka mwisho wa mstari kwake ni jambo la kila mwaka. Akaacha nafasi yake, akasimama mwishoni, na kila jozi iliyofika aliishika mabega, akaigeuza, akaihesabia, akairudisha ndani. Sikumwomba.

Kisha, katikati ya mzunguko, mvuvi mstaafu akainua mkono. Mzee wa onanda, ambaye kwake mkono ulioinuliwa una maana moja tu, akazima muziki.

Nilikuwa tayari nimefungua mdomo kusema tuendelee. Kimya kikanizuia. Watu wote walikuwa wamesimama katika nyota zao, mikono bado imeshikana katikati. Mvuvi akasema yeye ni mwana wa Usenge, na kwamba ziwa limempa watoto sita na kumnyima mmoja. Akasema mkono alioushika sasa hivi, akimwonyesha muuguzi kijana kando yake, ni wa yule aliyemfunga bandeji mwaka aliovunjika mguu, na kwamba leo ndipo amejua jina lake. Vigelegele vikapanda. Muuguzi akacheka huku macho yakimlowa.

Katika dakika ile nikatazama mistari. Waliokuwa wamepotea walikuwa wakiulizana kwa sauti ya chini: mimi ni Kasia au Tanga, tunaelekea wapi, jirani yangu ni nani. Wakajipanga. Mzee wa onanda akanitazama, nikampa ishara ya kuanza wimbo kutoka mwanzo, na mzunguko uliofuata ulikuwa safi kuliko yote iliyotangulia. Sikuita hata neno moja. Pakruok zilizofuata zilikuja zenyewe, kila moja ikimtaja mtu aliyeshikwa mkono dakika ile, na kila moja ikiupa mstari nafasi ya kujipanga upya.

Kupokea dansi ya mbali na kuifanya yetu ni jambo la zamani katika pwani na bara letu. Beni ya Lamu na Mombasa, tangu miaka ya 1890, ilichukua gwaride na bendi za Wazungu ikazifanya uwanja wa mashindano ya Waswahili, Kingi upande huu na Scotchi upande ule, na wapagazi na askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia wakaieneza mbali. Wakikuyu walichukua kodiani na hatua za dansi za kigeni wakatengeneza mwomboko. Kila mara kilichopokelewa kilibadilika kwa sababu wenyeji walikuwa na lao la kuongeza. Kisumu iliiongezea kontra kitu ambacho sikuwahi kukiona Massachusetts: haki ya mchezaji kusimamisha muziki na kumtambulisha mtu aliye mkononi mwake.

Tangu hapo nimebadilisha ninavyofundisha Nairobi. Katika kila dansi ndefu naacha mahali pa kusimama, na atakayesema hupewa ukumbi. Mwisho wa mistari namweka mchezaji mzoefu awageuze wanaofika. Natafuta wanamuziki wa hapa na kukaa nao kwanza, makofi mkononi, kabla ya kugusa mpango. Na kwa wenzangu wanaofundisha dansi za namna yoyote, nawaomba jambo moja: hesabuni mafanikio yenu kwa maneno mliyoweza kuyaacha. Sauti mnayoiachia haipotei. Itachukuliwa na mtu aliye mstarini, na mara nyingi atakuwa na la kusema lililo bora kuliko jina la hatua.

Kikundi cha Kisumu bado kinakutana. Madam ndiye anayeita sasa, kwa zamu na yule mfamasia, na mzee wa onanda ameshatunga wimbo mwingine wa zamu nne kwa ajili ya dansi hii. Msafiri anayepita mjini wikendi ataingizwa mstarini, ajue asijue.